Prof Aliyechagua Taa za Matumbawe

Kutoka pwani ya Kenya mpaka Goma nilisafiri siku sita nimekalia bahari. Nyuma ya gari la mizigo kulikuwa na masanduku kumi na manne ya plastiki yaliyojaa maji ya chumvi, na ndani yake vipande vya matumbawe hai, kila kimoja kimefungwa kwenye jiwe lake kwa uzi wa kuvulia samaki. Nilikaa juu ya masanduku kwa kuwa mbele hapakuwa na nafasi, na pia kwa kuwa nilitaka kuzisikia pampu za hewa zikinguruma chini yangu. Moja ikinyamaza nilijua, nikagonga bodi ya gari tukasimama. Nairobi tulipita mvua ikinyesha, Kampala vumbi likitimka, na kwenye milima ya Rwanda baridi ilizidi hadi nikawafunika wanyama wale kwa blanketi langu mwenyewe. Mpakani tulizuiliwa tangu asubuhi mpaka alasiri, kwa sababu karani wa upande wetu wa Kongo alishuku kwamba ninavusha madini.

“Ni wanyama,” nilimwambia.

Alifunua sanduku, akainama, akatazama kwa muda mrefu. “Banyama gani habana macho, habana miguu?”

“Ndivyo walivyo.”

“Basi huko unatoka, hata mawe yanakulaka,” alisema, akapiga muhuri.

Mimi ni mtu wa Uvira. Nilimaliza sekondari, nikatoka nyumbani kutafuta maisha, na tangu hapo sijakaa mahali miaka mitatu mfululizo. Nimepakia saruji, nimeuza betri, nimepika kwenye migodi. Kazi ya matumbawe niliikuta pwani, kwa mtu aliyekuwa akiyakuza ndani ya matangi ya saruji ili kuwauzia matajiri, na hiyo ndiyo kazi pekee maishani mwangu niliyoweza kusema bila wasiwasi: hii naijua. Kwa hiyo tajiri mmoja wa Goma aliponiita nije kuitunza bahari yake, nilikwenda nikijiona mtu. Nilikuwa na miaka arobaini na miwili.

Tajiri huyo, tuliyemwita Patron, alikuwa na hoteli kando ya ziwa. Katika ukumbi wa kulia alikuwa amejenga tangi la kioo lenye urefu wa mita nne, refu kuliko ukuta wa nyumba nyingi za mtaa wa Mabanga. Nilipoingia nikiwa na sanduku la kwanza mikononi, mbele ya kioo alisimama mzee mwembamba aliyevaa koti la kijivu lenye vumbi la chaki mfukoni. Hakunipa jambo.

“Maji hiyo iko nyuzi ngapi?” aliuliza.

Nilisema sijui hasa, ila mkono wangu unaniambia ni ya uvuguvugu.

“Mutu anasafirisha maji siku sita na hajui nyuzi zake. Mukono yako ilisoma masomo gani? Pima kwanza, halafu useme.”

Huyo ndiye Prof. Naandika habari zake kwa sababu sijamsamehe, na kwa sababu sijapata kukutana na mtu mwingine ambaye kutosamehe kulimkaa vizuri namna ile.

Kule, mwalimu wa sekondari huitwa Prof, na yeye alikuwa amefundisha fizikia mtaa wa Katindo kwa miaka mingi sana, hata ukipanda pikipiki mjini, dereva alikuwa ama mwanafunzi wake ama mtoto wa mwanafunzi wake. Lakini yeye hakupanda pikipiki. Zamani dereva mmoja alimmwagia matope kisha akacheka, na tangu siku hiyo Prof aliwaadhibu madereva wote wa Goma kwa kutembea kwa miguu. Mvua inyeshe, mlima utoe moshi, yeye alitembea, na kila pikipiki iliyopunguza mwendo kumpa nafasi, aliionyesha njia kwa kidevu iende zake.

Hakuwa na daftari la maadui. Hakulihitaji. Alikaa Mabanga katika nyumba ya mbao yenye ua wa mawe meusi ya volkano, na nje ya mlango aliweka kiti kizito cha mbao ambacho alikuwa amekitengeneza mwenyewe. Jioni alikalia kiti hicho akitazama barabara, na wapita njia walimsalimu. Ila alipopita mtu fulani, Prof aliinuka, akakishika kiti kwa mikono miwili, akakigeuza, akaketi tena akitazama ukuta mpaka mtu yule apotee. Hakutukana, hakutema mate. Kiti tu. Mtaa mzima ulijua nani amegeuziwa kiti, na wapo waliozunguka njia nyingine ili wasione aibu hiyo.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa amegeuziwa kiti miaka kumi na tisa. Siku moja nilimuuliza Prof kosa la jirani huyo. Tulikuwa tukila mahindi ya kuchoma uani kwake, na mbuzi wa jirani alikuwa miguuni petu akilamba chumvi kwenye kiganja cha Prof.

“Aliazima ngazi yangu,” alisema. “Ilirudi haina kipago kimoja. Nikamuuliza. Anasema ilikuwaka vile.”

“Ni hiyo tu?”

“Angesema tu: ilivunjika. Kitu inavunjikaka. Mimi nimevunja voltmètre ngapi masomoni? Lakini kunisimamia mbele, kuniambia ilikuwaka vile. Hapana.”

“Na mbuzi wake unamlisha.”

“Mbuzi haikuazima kitu.”

Ndivyo alivyokuwa. Yule yule aliyemwadhibu mtu miaka kumi na tisa kwa ajili ya kipago kimoja, alipanda mapaa ya wajane wa Mabanga kuwaunganishia nyaya bila kupokea hata kikombe cha chai. Yule yule aliyefundisha mwanga maisha yake yote, ndani kwake aliwasha taa moja ndogo kama punje ya karanga, akisema nyingine zinamchosha macho. Neno hilo nililisikia mara nyingi. Sikulipima.

Darasani, wanafunzi walinisimulia, hakupiga mtu. Alikuwa na neno moja. Asiyejua jibu aliitwa Giza. “Giza, kaa nyuma karibu na dirisha, labda kitu itaingia.” Darasa lilicheka, na jina lilimganda hadi diploma. Patron alikuwa amekaa nyuma karibu na dirisha miaka miwili. Alinieleza mwenyewe siku tulipokuwa tukisubiri maji ya tangi yatulie.

“Unajua ju ya nini nimemuita Prof anichagulie lumière, hizi taa?” aliniuliza.

“Kwa sababu anajua.”

“Anajua, ndiyo. Lakini nataka pia aseme Patron. Mara moja tu. Nitamusikia, halafu nitakufa muzuri.”

Hakulisikia. Prof alimwita “wa mustari ya nyuma” mbele ya wapishi, wageni na mapadri.

Sasa niseme ukweli, maana kisasi cha uongo hakina ladha: namna alivyochagua taa zile, hakuna mtu pwani angeifanya vizuri zaidi. Patron alitaka taa kubwa kama za uwanja wa mpira. “Mutu akiingia, afunge macho,” alisema.

“Afunge macho ju ya kuona nini?” Prof aliuliza.

Akatuita sote jikoni. Ubao wake ulikuwa ukuta mweusi wa mawe nyuma ya jiko, na Mama Neema, mpishi mkuu, alilazimika kusogeza masufuria. Prof alichora njia tatu. Ya kwanza, zile taa za uwanja: zinacheza majini kama jua lenyewe, matumbawe yanazipenda, lakini zinachemsha maji na jenereta la hoteli litakohoa mpaka life. Ya pili, mirija mirefu kama ya maduka: mwanga wake unaenea sawasawa, hauna kivuli kikali, lakini kila mwaka inachoka bila kuonyesha dalili, na mirija mipya yenye rangi ile haipatikani Goma. Ya tatu, mabamba ya LED, yenye vidude vingi vidogo vyeupe na vya bluu, kila rangi na kitufe chake. Yanakula umeme kidogo, hayachemshi maji, na umeme wa mji ukikatika, betri zinayabeba. Ubaya wake ni mmoja: ni makali kuliko yanavyoonekana.

Alisema hilo kwa kinywa chake. Aliliandika ukutani kwa chaki: makali kuliko yanavyoonekana.

“Na ju ya nini bluu?” Mama Neema aliuliza. “Si muweke nyeupe tu, watu waone samaki?”

Prof alichukua mabeseni yake mawili, moja jekundu na moja la bluu, akatuongoza mpaka mwisho wa gati ya hoteli. Aliyafunga kwenye kamba pamoja na mawe, akayashusha ziwani polepole.

“Semeni. Gani munaona?”

“Zote, Prof.”

Akashusha. “Sasa?”

“Ile nyekundu inakuwa nyeusi.”

“Na bluu?”

“Bado iko bluu.”

“Maji inakula rangi nyekundu kwanza,” alisema. “Chini kabisa inabakia bluu tu. Ndani ya nyama ya matumbawe muko majani madogo, mutu hawezi kuyaona, yanakula ile bluu na kumulisha mwenye nyumba. Ukimupa nyeupe tu, unamupa sahani tupu.”

Mama Neema alisema yeye anataka mabeseni yake. Tulicheka. Leo nikikumbuka gati ile, nakumbuka kwamba Prof hakuangalia maji hata mara moja. Aliangalia nyuso zetu.

Alichagua mabamba manane. Aliyatundika kwa minyororo ya pikipiki juu ya magurudumu madogo, ili yapandishwe na kushushwa: mwanzo yawe juu, kila wiki yashuke kidogo, wanyama wazoee. Aliyapangia siku ya saa kumi na mbili, akisema matumbawe haya na sisi tunalala chini ya jua moja, hakuna haja ya kuyadanganya. Asubuhi bluu peke yake, saa nne nyeupe inapanda, jioni bluu tena. Kulikuwa na kipimo cha mwanga, kijiti chenye jicho linaloingia majini, ambacho Patron alikuwa amekiagiza ng’ambo. Kilipofika Prof alikishika, akakigeuza, akakirudisha kwenye boksi lake.

“Haina kazi,” alisema. “Macho yangu ilipima taa mbele hamujazaliwa.”

Nilishangaa. Mtu wa pima kwanza, halafu useme. Lakini nilikuwa mgeni, nilikuwa kijana kwake, na matumbawe yalikuwa yamefunguka, ya zambarau, ya kijani, ya kahawia kama kahawa yenye maziwa. Wageni walisimama mbele ya kioo wakisahau chakula. Kwa wiki tano nilikuwa na furaha ambayo sijui kuieleza. Nilifika alfajiri kabla ya wapishi ili nione vinywa vyao vidogo vikijifunga.

Kisha Prof akaanza kusema bluu ni hafifu.

“Ongeza.”

“Prof, inatosha.”

“Nimesema ongeza. Hapa mbele kuko giza.”

Kila alipokuja, Jumanne na Ijumaa, aliongeza. Wiki ya pili niliona ncha za tawi moja zimepauka. Wiki ya tatu upande wote wa mbele ulikuwa umepauka. Nilimwambia Prof, akasema yanazoea. Nilimwambia Patron, akaja na simu yake akapiga picha.

“Ona vile zimetakata,” alisema.

Ndilo kosa lililofanywa, na lilifanywa na kila mtu. Matumbawe yakizidiwa na mwanga huyafukuza yale majani madogo yanayoyalisha, na yakishayafukuza yanakuwa meupe, meupe kweli, yanang’aa kama kaure. Ni njaa hiyo. Lakini katika mji ambao kila kitu kina vumbi jeusi la volkano, ambako mama anafua shati jeupe la shule mara tatu na bado kola ni ya kijivu, nani atakuambia kwamba cheupe ni ugonjwa? Jumamosi maarusi walianza kuja na magauni yao kupigwa picha mbele ya tangi, weupe juu ya weupe. Mama Neema alipitia na sinia lake akasema, “Hata zenyewe zimeokoka.”

Nikapunguza bluu kwa siri. Prof akaja, akatazama, akaongeza. Nikapunguza. Akaongeza, akaweka gundi kwenye kitufe.

Siku kumi baadaye ukumbi ulinuka. Nyama ilikuwa ikidondoka kwenye mifupa ya matumbawe kama karatasi iliyolowa, na juu yake utando wa kijani. Nusu ya wale niliowafunika kwa blanketi langu milimani walikuwa wamekufa. Walibaki wale wa nyuma tu, waliojificha kwenye kivuli cha jiwe kubwa. Patron alituita mbele ya wafanyakazi wote. Hakupaza sauti. Aliuliza tu, “Prof, ni nini?”

Nilimtazama Prof. Nilikuwa bado nampenda. Nilidhani atasema: ni taa.

“Mbele ya kuuliza mwanga, uliza maji,” Prof alisema. “Nani anachanganyaka chumvi hapa?”

Wote walijua ni mimi.

“Nilimuuliza siku ya kwanza nyuzi za maji, akanionyesha mukono. Mutu wa mukono. Unamupatia bahari.” Kisha akageuka upande wangu, akasema taratibu, kama anayeita daftari la mahudhurio: “Giza.”

Wapishi walicheka, si kwa ubaya, bali kwa sababu neno hilo Goma ni la kuchekwa. Patron alicheka zaidi ya wote. Ilimfurahisha kwamba safari hii si yeye. Alinipokonya funguo za chumba cha chumvi, akanipeleka nyuma kuosha magari ya wageni. Kwa wiki nne nilivaa koti la kazi la bluu na buti za mpira, na madereva waliniita Giza, leta sabuni. Giza, hapa umesahau. Niliosha magari nikiifikiria ngazi. Ilikuwaka vile. Mtu yule yule.

Nilikuwa na sababu ya kuondoka, na miguu yangu haijawahi kuhitaji sababu kubwa. Lakini wale wa nyuma ya jiwe walikuwa bado hai, na mwanga ulikuwa ule ule. Nikabaki.

Siku niliyojua ilikuwa Jumanne. Mama Neema aliniomba nifute vioo vya ukumbi, mapazia yakiwa yamefungwa kwa ajili ya jua. Taa nyeupe zilikuwa bado hazijapanda. Bluu ilikuwa inawaka peke yake, mabamba yote manane, kwa nguvu zote. Mikono yangu ilikuwa ya bluu, ndoo ilikuwa ya bluu, kola ya shati langu iling’aa. Prof aliingia kwa hatua zake ndogo, akasimama mbele ya tangi.

“Mbona munaniacha katika giza?” alisema. “Courant imekatika?”

Nilidhani ananidhihaki. Kisha nikaona jinsi alivyonyosha mkono kutafuta mgongo wa kiti. Nikakumbuka taa yake ya punje ya karanga, na gati, na daftari langu la bluu iliyokoza ambalo mara mbili aliniambia nimpe lile jeusi. Pwani nilimjua bibi mmoja ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu wa manjano kama chai. Nyekundu na machungwa aliviona vizuri, lakini kanga ya bluu aliiita nyeusi mpaka siku alipofanyiwa upasuaji. Yote yalijipanga kichwani kwa mara moja. Alikuwa akiongeza bluu kwa sababu haikuwa ikimfikia.

“Ndiyo, Prof,” nilijibu. “Imekatika.”

“Nitangoja irudi.”

Akaketi. Nilisimama na kitambaa changu nikamtazama akingoja umeme urudi, uso wake wote ukiwa wa bluu kama kiberiti cha volkano kinachowaka. Alingoja karibu robo saa. Nyeupe ilipopanda kwa saa yake, alisema, “Mm, imerudi,” akaenda kuhakikisha gundi ya kitufe bado imeshika.

Ningeweza kumwambia siku ile, sisi wawili tu. Nimeulizwa na watu niliowasimulia kwa nini sikumwambia. Sikutaka. Nililiweka siku kumi na moja, nikaosha nalo magari, na kila aliyeniita Giza nilimjibu kwa upole.

Patron alikuwa amepanga chakula cha Jumapili kwa wanafunzi wa zamani wa Prof, baada ya misa. Walikuja kama thelathini: wauguzi, wafanyabiashara, mwanajeshi mmoja mnene kutoka kambi ya Katindo, wanawake wenye vitenge vya sherehe. Walimkalisha Prof mbele ya tangi. Walimsifu. Mmoja baada ya mwingine walisimulia jinsi alivyowaita Giza, na kila hadithi ilichekwa, na chini ya kila kicheko nilisikia jiwe dogo ambalo halijayeyuka. Mimi niligawa vinywaji. Walipofika kwenye samaki, nilifunga mapazia, nikaenda nyuma ya tangi, nikazima nyeupe, nikaacha bluu.

Ukumbi ulishangilia. Mashati meupe yaliwaka. Meno yaliwaka.

Nilikwenda mpaka kwenye kiti chake, nikainama kwa heshima, nikasema kwa sauti ya kufika nyuma: “Prof, samahani. Tusaidie. Taa za tangi ziko zinawaka ao zimezima?”

Alitazama mbele. Alitazama kwa muda mrefu, na naamini alijua kuna mtego, kwa maana alitazama nyuso pia, kama gatini. Lakini nyuso nazo zilikuwa za bluu.

“Zimezima,” alisema. “Washeni jenereta, watu wapate kula.”

Kijiko kilianguka mahali. Kisha, kutoka mwisho wa meza, sauti ilisema neno lile.

“Giza.”

“Nani amesema?” Prof aliuliza, kwa sauti ya darasani.

“Wa mustari ya nyuma, Prof,” Patron alijibu.

Hapo ukumbi ulivunjika. Walicheka miaka yote ile kwa mara moja, mwanajeshi akipiga meza, wanawake wakifuta machozi kwa kona za vitenge. Mimi nilikuwa nimeshatoa kipimo kwenye boksi lake ofisini. Nilikitia majini mbele yao, nikasoma nambari. Ilikuwa mara tatu ya mwisho ulioandikwa kwenye karatasi yake. Nilimpa Patron aisome mwenyewe.

“Pima kwanza,” nilisema, “halafu useme.”

Prof aliinuka. Alinikaribia mpaka nikasikia harufu ya chaki.

“Ungeniambia,” alisema chini chini.

“Na wewe ungesema tu, Prof: ilivunjika.”

Alitoka akigusa migongo ya viti, kimoja, kingine, mpaka mlangoni, na hakuna mwanafunzi aliyeinuka kumshika mkono, kwa sababu walikuwa bado wanacheka. Alirudi Mabanga kwa miguu.

Nilipewa funguo siku ile ile. Nilivunja gundi ya kitufe, nikashusha bluu, nikapandisha mabamba kwa minyororo yake, minyororo mizuri aliyoibuni yeye. Wale wa nyuma ya jiwe niliwasogeza mbele kidogo kidogo. Baada ya miezi mitatu mmoja wao alirudisha kahawia yake, kisha mwingine akapata zambarau kwenye ncha. Nilikuwa nimeshinda. Kila mgeni mpya Patron alimsimulia, na kila mara aliniita nije nisimame pale ili wanione. Niligundua kwamba ananiita Giza bado, kwa mapenzi sasa. Niligundua pia kwamba jioni najikuta nikihesabu siku tangu nilipokula mahindi katika ua fulani. Nilipoanza kuiota Uvira nilijua miguu imeamua.

Asubuhi ya kuondoka, kabla ya kwenda bandarini kupanda boti ya Bukavu, nilipitia Mabanga. Sikwenda kuomba radhi. Nilitaka kugeuziwa kiti. Kwa mtu yule, huo ndio ungekuwa uthibitisho kwamba nilimfikia, kwamba niko mahali pamoja na aliyeazima ngazi na madereva wote wa Goma.

Alikuwa nje, ingawa ni asubuhi, mikono juu ya magoti, mbuzi karibu. Nilisimama ng’ambo ya barabara, mgongo kwenye ukuta wa mawe meusi, na nilikuwa nimekata shauri kutomwamkia. Aanze yeye, au ageuze. Alikuwa ananitazama moja kwa moja. Hakugeuza. Uso wake haukuwa na kitu. Nilingoja, na hasira ilianza kunipanda kwamba hata hilo ananinyima.

Akapita mama mmoja kutoka Kibumba, beseni la karoti kichwani, hakusema neno.

“Mama ya karoti,” Prof alimwita. “Leo zimekomaa.”

“Ndiyo, Papa,” mama alijibu, akapita.

Nikajitazama. Nilikuwa nimevaa koti la kazi la bluu; nilikuwa nimelichukua kwa sababu ya baridi ya ziwani. Bluu juu ya mawe meusi. Nilikuwa nimesimama mbele ya Prof muda wote ule na hapakuwa na mtu.

Ningeweza kuondoka hivyo. Badala yake niliweka begi chini, nikavua koti. Ndani nilikuwa na shati jeupe.

Kichwa chake kiliinuka kidogo. Macho yakapanda kutoka shatini mpaka usoni, yakatulia. Mbuzi alilia. Kisha Prof akainuka, akakishika kile kiti kizito kwa mikono miwili, na kwa taabu, maana hakuwa tena na nguvu za zamani, akakigeuza. Mguu mmoja wa kiti ulikwama kwenye jiwe. Akaunyanyua. Akaketi, akaniacha na mgongo wa koti la kijivu.

Nilisimama mpaka nikahakikisha hatageuka. Kisha nikachukua begi langu, nikatembea mpaka bandarini, na pikipiki zote zilizosimama kuniita nilizionyesha njia kwa kidevu.